Aliyeshika Mpini

Kiswahili kimeutumia wembe kufikiria mambo mengi. Mtoto akililia wembe, mpe. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Na bosi mpya akiingia ofisini, akaanza kuwabana watu vile vile alivyowabana yule wa zamani, tunasema wembe ni ule ule. Ukiangalia vizuri, semi hizi zote zinahusu makali. Mpini hautajwi. Mpini tunaukumbuka tukifika kwenye kisu: watu wawili wakivutania kisu, aliyeshika makali ndiye atakayeumia, na aliyeshika mpini ndiye atakayeamua. Ndiyo maana mtu mwenye mamlaka tunasema ameshika mpini.

Nataka kuuliza swali la mpini, na nitaanzia pale ambapo swali lenyewe ni dogo kabisa. Mpini wa mashine ya kunyolea ndevu ukiwa mzito, ni nini hubadilika? Swali la pili litajileta lenyewe.

Sizungumzii ile mashine ya umeme ya kinyozi, wala kile kijiti cha plastiki cha kunyolea na kutupa. Nazungumzia mashine ya chuma ya zamani: unafungua kichwa, unaweka wembe mmoja wa makali mawili, ule unaouzwa dukani ukiwa umefungwa kwa karatasi, unakaza mpini, unanyoa. Wazee wengi wanaijua. Mimi naijua kwa sababu ya kazi. Naishi kwa kuandika maelezo ya bidhaa za watu ambao sijawahi kukutana nao, na kwa miezi kadhaa mteja mmoja wa ng'ambo alinipa mashine hizi niziandikie, moja baada ya nyingine. Kila maelezo yalitakiwa kubeba shauri moja: usikandamize, acha uzito wa mashine ufanye kazi. Popote watu wanapofundishana kunyoa kwa mashine hii utalikuta shauri hilo. Ni shauri zuri, na limewaokolea wengi ngozi zao. Lakini nusu yake si kweli, na ni hiyo nusu iliyonikosesha usingizi.

Hebu simama mbele ya kioo. Shavu lako limesimama wima kama ukuta. Uzito huvuta kitu kwenda chini. Hauvuti kwenda ukutani. Ukiiteremsha mashine shavuni, uzito wake unakusaidia kuiteremsha, ila hauusukumi wembe kwenye ngozi. Ukifika chini ya kidevu, ngozi imegeuka dari, na uzito sasa unaivuta mashine iachane nawe. Ukipandisha kutoka shingoni, uzito unakupinga. Kwa hiyo mtu anayenyoa ndevu akiwa amesimama, kinachougusisha wembe na ngozi yake karibu wakati wote ni vidole vyake. Uzito haukandamizi. Mkono ndio unaokandamiza, kidogo au sana.

Kuna mahali ambapo uzito hukandamiza kweli. Utosini, ukinyoa kipara. Na usoni pia, lakini mpaka uwe umelala chali, kama kwenye kile kiti cha kinyozi kinachoinamishwa nyuma. Pale uso umekuwa sakafu, na kila gramu ya mpini inaweza kushuka kwenye ngozi. Lakini angalia ni nani aliyelala na ni nani aliyesimama. Uzito unamshukia yule ambaye mpini hauko mkononi mwake. Hili tuliweke kando kwanza, tutalihitaji.

Sasa kama uzito haunyoi, mpini mzito una kazi gani? Unazo kazi, tena za maana.

Ya kwanza ni utulivu. Kitu kizito ni kigumu kukianzisha na ni kigumu kukiyumbisha. Mkono wa binadamu hutetemeka kidogo hata ukiwa na afya nzuri. Kalamu ya plastiki hufuata kila mtetemeko, nyundo haifuati. Mpini wenye uzito humeza mitetemeko midogo kabla haijafika kwenye makali.

Ya pili ni mahali pa usawa. Chukua mashine yako, iweke juu ya kidole kimoja, isogeze hadi itulie bila kuinama upande wowote. Hapo ndipo uzito wote hukutana. Tuseme kichwa kina gramu 30, na katikati ya mpini iko sentimita 5 kutoka kichwani. Mpini ukiwa wa alumini, gramu 20, mashine nzima itakuwa gramu 50, na itatulia sentimita 2 kutoka kichwani. Chukua mpini wa umbo lile lile, lakini wa chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho kina uzito wa karibu mara tatu ya alumini, kwa hiyo mpini huo utakuwa kama gramu 60. Mashine sasa ni gramu 90, na mahali pa usawa pamehama hadi sentimita 3.3. Sentimita moja na kidogo. Kwa macho si kitu. Kwa vidole ni tofauti kubwa, maana pale sentimita 2 bado uko karibu kuushika wembe wenyewe, na pale sentimita 3.3 uko kwenye mpini hasa, mahali ambapo kidole gumba na cha shahada hupenda kukaa.

Ukiishika mashine mahali pake pa usawa, haitaki kuinama. Kichwa hakivuti, mkia hauvuti. Na kwa sababu haivuti, huna haja ya kuibana. Vidole vikilegea, vinaanza kuhisi: hapa ndevu zinakatika, hapa zinakwaruzwa, hapa wembe umeisha makali. Hii ndiyo kazi ya tatu ya uzito, na nadhani ndiyo kubwa kuliko zote. Uzito ukikaa mahali pake haukufanyii kazi. Unakuwezesha kujua ni kazi kiasi gani unaifanya wewe.

Lakini usikimbilie kununua mpini mzito kuliko yote sokoni. Ukizidi, mkia unaanza kuburuta, kichwa kinakuwa bubu, na mkono unasikia chuma tu, hausikii ndevu. Tena mashine mbili za gramu 90 zaweza kuwa na tabia tofauti kabisa, moja uzito wake ukiwa kichwani, nyingine mkiani. Kwa hiyo anayekuuzia gramu anakuuzia nusu ya habari. Swali la kumuuliza ni gramu hizo zimekaa wapi.

Na kwa nini kukandamiza ni kubaya kiasi hicho? Kwa watu wenye nywele za kujipinda, yaani wengi wetu, jibu liko shingoni. Ukikandamiza, ngozi inavutika na unywele unakatwa chini ya usawa wake. Ngozi ikirudi, unywele umebaki ndani, mfupi, umechongoka. Ukianza kukua unajipinda na kuichoma ngozi kutoka ndani. Vipele. Jambo la kutazama ni kwamba siku ya kunyoa hakuna ubaya unaouona. Shingo ni laini, unajipapasa, unafurahi. Maumivu yanakuja siku kadhaa baadaye, wakati mkono ulioyasababisha umeshasahau. Na vipele vikishatokea utasikia watu wanasema, "Huu wembe ni mbaya."

Hapo ndipo swali la pili linapojileta. Nani amenyoa?

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Wembe wa kukunja, ule ulio wazi kama kisu, haukuwa na kizuizi chochote. Ukimkata mtu, umemkata. Kinyozi mzuri alijulikana kwa mkono, na mkono ulichukua miaka kuupata. Katika karne ya 18 fundi visu mmoja wa Ufaransa, Jean-Jacques Perret, aliuvalisha wembe kinga ya mti ili sehemu ndogo tu ya makali itokeze. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Marekani walioitwa Kampfe walisajili mashine yao ya kunyolea kwa usalama. Kisha akaja King Camp Gillette na wembe mwembamba wa kutupa. Kampuni yake ilianza mwaka 1901, na mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa mauzo, iliuza mashine 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata ziliuzwa mashine zaidi ya 90,000. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, serikali ya Marekani iliagiza mashine milioni 3.5 kwa ajili ya wanajeshi wake.

Watu wengi wanamjua Gillette wa wembe. Wachache wanajua kwamba kabla ya wembe aliandika kitabu. Mwaka 1894 alitoa The Human Drift, akidai kwamba mzizi wa maovu ya jamii ni ushindani, na kwamba dawa ni kuunda kampuni moja kubwa inayomilikiwa na watu wote, ambao karibu wote wangeishi katika jiji moja kubwa linaloendeshwa kwa nguvu za maporomoko ya Niagara. Mtu anaweza kucheka kwamba adui wa ushindani alikuja kuwa tajiri wa biashara. Mimi naona uzi mmoja unaopita kote kuwili. Kwenye kitabu, na kwenye wembe pia, imani ni ile ile: tengeneza chombo vizuri na hutahitaji kumtegemea mtu awe mwema au awe fundi. Chombo kitafanya kazi. Mkono wowote utatosha.

Na tusimdharau. Ile kinga chini ya wembe imezuia damu nyingi kumwagika. Kijana wa miaka 16 asiye na ufundi wowote anaweza kunyoa leo na asijichinje. Taasisi nzuri hufanya hivyo hivyo: sheria, kanuni, fomu zenye nafasi ya sahihi tatu, vyote ni kinga ili hata mtu mvivu au mwenye hasira asiweze kudhuru kupita kiasi. Anayetaka kuishi katika nchi inayotegemea wema wa mkono wa kila afisa hajawahi kupanga foleni.

Lakini kinga ina mpaka. Kinga inaamua wembe utokeze kiasi gani. Haiamui ukandamizwe kiasi gani.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni nilipolijifunza hilo, ingawa wakati huo sikuwa na maneno yake. Mitihani ilikuwa wiki ile. Nilikuwa na deni la karo, na jina langu halikuwa kwenye orodha ya watakaofanya. Nikaenda ofisi ya fedha. Foleni ilikuwa imezunguka jengo. Mama aliyekuwa dirishani alikuwa mpole, naye amechoka. Nadhani nilikuwa mtu wake wa sitini siku hiyo. Nilimweleza kwamba mjomba wangu angetuma kitu mwisho wa mwezi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaigeuza kompyuta kidogo, kama kwamba nami naweza kuona, akasema, "Si mimi, mwanangu. Ni sistimu. Ikishafunga, imefunga."

Nikasema, "Asante, madam," kwa sababu ningesema nini tena? Huwezi kubishana na sistimu. Nikatoka. Jioni hosteli nikaambiwa na jamaa mmoja, mwenye deni lililokaribiana na langu, kwamba yeye alienda dirisha la pili, na pale alipewa karatasi ya wiki mbili. Chuo kile kile, sistimu ile ile, siku ile ile.

Sisemi yule mama aliniharibia maisha. Wiki mbili huenda zisingetosha; mjomba mwenyewe mambo hayakumwendea. Deni lilikuwa la kweli, na chuo hakiendeshwi kwa hadithi za wanafunzi. Uzito ulikuwepo. Kitu ninachoshikilia ni kidogo zaidi, na kwangu ni kigumu zaidi kusamehe. Kwenye lile dirisha kulikuwa na mkono, na mkono ule uliniambia haupo. Alifuata lile shauri neno kwa neno: aliacha uzito wa mashine ufanye kazi. Na mimi ndiye niliyekuwa nimelala chali.

Najua atakachosema mtu wa kumtetea, na ana haki ya kusikilizwa. Atasema: unataka yule mama afanye nini? Abebe huruma ya watu sitini kwa siku, siku tano kwa wiki? Si ataugua? Mpini mzito upo kwa sababu mikono hutetemeka. Mwache aegemee kanuni, asije akampa huyu kwa sababu anafanana na mwanawe na kumnyima yule kwa sababu hajapiga pasi shati. Hoja hiyo ni ya kweli, tena ni ile kazi ya kwanza ya uzito niliyoitaja: utulivu. Dirisha la pili nalo lina hatari yake. Mkono mwepesi huhisi vizuri na hutetemeka vizuri pia. Labda yule jamaa alipata karatasi kwa sababu anajua kuongea, na aliyekuwa nyuma yake, mwenye aibu, hakupata. Haki inayotegemea ulimi wa mwombaji ina kasoro kubwa.

Nakubali yote hayo. Ila tazama kwamba hoja hiyo inatetea kuwa na uzito. Haitetei kusema kwamba uzito ndio ulionyoa. Mtu anaweza kuegemea kanuni kwa mwili wake wote na bado akasema, "Nimeiona hali yako, na sitakuandikia karatasi." Matokeo ni yale yale, jina halirudi kwenye orodha. Lakini sasa kuna mtu mbele yangu. Ninaweza kumuuliza kwa nini. Ninaweza kumkasirikia, kumwelewa, kurudi kesho. Na yeye naye amejua amekandamiza kiasi gani. Usiku akiwa nyumbani anaweza kujiuliza kama ilikuwa lazima. Aliyesema ni sistimu hana cha kujiuliza. Vidole vyake vimekufa ganzi, na ganzi hiyo haileti vipele kwenye shingo yake. Inavileta kwenye shingo za wengine.

Nadhani lugha yetu inatusaidia kujificha, kwa vile inajua kufanya mambo yatokee bila mtu. Sahani imevunjika. Pesa zimepotea. Jina limetoka kwenye orodha. Ombi limekataliwa. Sahani inayovunjika yenyewe sijawahi kuiona, lakini sentensi yake iko safi kabisa, hata mwalimu wa sarufi hataigusa. Siku hizi hata dirisha linaondoka. Unaomba mkopo kwa simu, programu inakujibu kwamba kwa sasa hujafikia vigezo, na hakuna foleni, hakuna mama aliyechoka, hakuna kompyuta ya kugeuzwa. Mahali fulani kuna watu waliokaa mezani wakaamua vigezo hivyo. Wameshika mpini mrefu sana, mzito sana, na kutoka walipo hawasikii hata unywele mmoja ukikatika.

Kwa hiyo lile shauri ningelirekebisha hivi. Nusu ya kwanza ibaki: usikandamize. Nusu ya pili iseme: chagua uzito utakaokuwezesha kuhisi mkono wako mwenyewe. Kwa wengine huo ni mpini wa gramu 60, kwa wengine 40, inategemea mkono na ndevu. Tafuta mahali pa usawa kwa kidole, shika hapo, usishike mkiani ukadhani umbali utakuondolea lawama. Ukipita mfupa wa taya, punguza. Chini ya kidevu, kumbuka uzito haupo upande wako. Na nusu hii ya pili inamhusu pia karani, askari, mwalimu, mzazi, na kaka mkubwa aliyeachiwa nyumba. Kila mmoja wao amepewa kitu kizito kuliko mkono wake, na amepewa kwa sababu nzuri. Anachodaiwa ni kutokisingizia.

Kutokandamiza si kuacha kufanya kitu. Anayeyajua makali anajua kwamba wembe kuupitisha shavuni kwa wepesi ni kazi ngumu kuliko kuubonyeza, kwa kuwa kila sentimita lazima uamue upya. Ikitokea damu, kuna sentensi mbili za kuchagua: wembe umenikata, au nimejikata. Ya pili inauma zaidi kuisema. Na ikiwa shingo si yako, kuna nyingine inayouma kuliko zote, ile ambayo pale dirishani ningeipokea kwa shukrani: nimekukata.